Njia panda ya Uyole: ukate kushoto uende ziwani, au unyooshe hadi Mosi-oa-Tunya?

Kilomita chache kabla hujaingia Mbeya mjini ukitokea Dar es Salaam, kuna njia panda ya Uyole. Basi la Tunduma na Zambia linanyoosha na kupita jijini. La Malawi linakata kushoto na kuanza kupanda kuelekea Tukuyu. Wanaotaka kuvuka mpaka kwa basi na begi moja mgongoni huniuliza swali lilelile kila mara: nina likizo moja kwa mwaka na akiba ya kuungaunga, nikate kushoto nikaone Ziwa Nyasa upande wa Malawi, au ninyooshe hadi mji wa Livingstone, kusini mwa Zambia, nikaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale ambayo shuleni tulifundishwa kuyaita Victoria?

Njia zote mbili nimezipita, ya ziwani mara tatu na ya maporomoko mara mbili. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa safari ya kwanza, kata kushoto. Ningekwambia unyooshe endapo tu likizo yako inaangukia kati ya Mei na Julai na una siku zisizopungua kumi na mbili. Pungufu ya hapo utakuwa umelipa nauli kubwa ili ukakae kwenye siti.

Anza na kalenda, pochi baadaye

Watu wengi huanza kwa kuuliza nauli. Nauli tutaifikia. Lakini kitakachoamua utaona nini ni mwezi, na hapa ndipo nimeona watu wakiumia.

Mto Zambezi hujazwa na mvua zinazonyesha mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na huko Angola, na maji hayo huchukua wiki nyingi kuteremka. Ndiyo maana kilele chake huja wakati mvua za Livingstone zenyewe zimeshakatika, Aprili kwa kawaida. Ukifika Aprili utausikia mngurumo kabla hujaona chochote, na ule moshi uliyoyapa maporomoko jina lake la Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, utauona ukiwa bado mbali barabarani. Ukiingia ndani, sasa, huoni maji. Unaona weupe tu, umelowa hadi soksi, na picha zako zote zinatoka kama umepiga ndani ya mvuke wa sufuria. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai ndipo mambo yanapokaa sawa: maji bado ni mengi na ukungu umepungua kiasi cha kuuona ukuta wote.

Halafu yanapungua. Oktoba, Novemba hadi Desemba mwanzoni, upande wa Zambia unaweza kukuta jabali kavu lenye nyuzi chache za maji, kwa kuwa yaliyobaki yanapitia zaidi upande wa Zimbabwe. Mwaka wa ukame hali huwa mbaya zaidi, kama ule wa 2024 ambao serikali ya Zambia iliutangaza kuwa janga la taifa. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Novemba. Pale kwenye uzio alisimama dada mmoja aliyetoka Tabora, simu mkononi, akitazama ule mwamba mweusi mkavu. Akamwuliza mlinzi kwa sauti ya chini, "Ndiyo haya?" Mlinzi hakuwa na la kumjibu. Siku tatu za basi, na jibu ni jabali. Sijaisahau sura ya yule dada, na ndiyo sababu nasisitiza suala la mwezi hadi watu wanachoka nami.

Ziwa lina kalenda tofauti kabisa. Kuanzia Mei hadi Agosti unavuma upepo wa kusini-mashariki ambao wavuvi wa Malawi wanauita Mwera. Mtu wa pwani ataujua mara moja: ni ndugu wa kusi yetu. Unaweza kuvuma siku tatu mfululizo, mawimbi yakapanda, mitumbwi ikabaki mchangani na maji yakachafuka. Septemba hadi Novemba ziwa linatulia, linapata joto na maji yanakuwa maangavu. Mvua zikianza Desemba huendelea hadi Aprili, na Nkhata Bay, mji wa ufukoni ambao ndio mwisho wa njia hii ya kushoto, hupata nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi ile.

Kwa hiyo pande hizi mbili zinapokezana. Likizo ya katikati ya mwaka ni ya maporomoko, na ya Septemba hadi Novemba ni ya ziwa. Mwenye likizo ya Desemba, kama walimu wengi, bado ningempeleka ziwani, maana kulowa mvua ukiwa kando ya maji mengi si hasara kama kukuta maporomoko yamekauka.

Dar hadi Uyole: kipande cha wote

Ni kilomita 820 hivi, siku nzima. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kutembea usiku Tanzania, na wengi sasa wanapanda la jioni ili waamkie Mbeya. Ukisafiri kikazi, sawa. Ukisafiri kutazama, usifanye hivyo, kwa sababu usiku utakuibia sehemu mbili ambazo watu wa mataifa mengine wanapanda ndege kuja kuziona.

Ya kwanza ni Mikumi. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na kwa nauli ileile ya Mbeya unaona twiga, swala, nyumbu, na siku ya bahati tembo wakivuka na basi limesimama kuwasubiri. Chukua siti ya dirishani upande wa dereva, maana uwanda wa Mkata wenye wanyama wengi uko kulia ukitoka Dar. Mchana jua litakupiga upande huohuo, kwa hiyo beba kanga ya kuziba dirisha mkishavuka Iringa. Ya pili ni bonde la mibuyu pale Ruaha Mbuyuni, likifuatwa na kupanda mlima Kitonga. Mbuyuni vijana watakuja dirishani na mafungu ya vitunguu. Wewe bado una safari ndefu, waache wanaorudi Dar wanunue. Kisha basi linashika gia ndogo, linaanza kukwea, na bonde zima linabaki chini yako kwenye vumbi la rangi ya maziwa. Nimepita pale mara nyingi na bado huwa naweka simu chini nitazame.

Toka Stendi ya Magufuli alfajiri, lala Mbeya, endelea kesho yake. Beba sweta. Kuanzia Mafinga hadi Makambako baridi ya Juni haina utani, na konda akisimamisha basi watu wakachimbe dawa utajuta kuliacha sweta kwenye buti.

Kushoto: Tukuyu, mpaka, ziwa

Kutoka Uyole hadi mpaka wa Kasumulu ni kilomita 100 na kidogo. Kwa urembo, sijaona barabara ya basi Tanzania inayoishinda. Unazunguka ubavuni mwa mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, katikati ya migomba na mashamba ya chai ya Tukuyu, kisha unateremka kwenye joto la Kyela penye mpunga na kakao. Ukiwa na siku ya ziada, shuka Kiwira ukaone Daraja la Mungu, jiwe lililobaki limeunganisha kingo mbili juu ya mto.

Mpakani unashuka, unagongewa muhuri, unavuka daraja la mto Songwe kwa miguu. Ng'ambo vijana wa baiskeli wenye kiti cha nyuma watakugombania. Kwa kuwa Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa damu na lugha, Kiswahili chako kinatembea bila shida hadi Karonga mjini, kilomita 45 hivi mbele. Hata maandazi ukifika huko unaomba kwa jina karibu lilelile: wao husema mandasi. Kwenye jina la ziwa uwe mwangalifu. Ukishavuka, sema Ziwa Malawi. Nchi hizi mbili zina mgogoro wa mpaka wa maji haya tangu miaka ya 1960, na mgeni hana sababu ya kuuanzisha upya ndani ya minibasi.

Kuanzia Karonga kaa kushoto. Barabara inafuata ufuko, na kwa saa nzima na zaidi ziwa linakwenda nawe: vichanja vya dagaa, ambao wao huwaita usipa, wamechomewa jua na kung'aa kama vipande vya bati, mitumbwi ya gogo moja, na ng'ambo ya pili milima ya Livingstone ya upande wetu ikionekana kwa buluu. Pale Chitimba mwenye miguu mizuri ashuke. Njia ya Gorode inapanda kwa kona ishirini hadi Livingstonia, misheni iliyohamishiwa juu ya genge lile mwaka 1894, na karibu yake kuna maporomoko ya Manchewe yanayodondoka mita zipatazo 125. Ukiwa kwenye ukingo unaona ziwa chini kama mita 800 na huwezi kuamini kwamba jana ulikuwa ufukoni kule. Kupanda kwa miguu ni kazi ya nusu siku au zaidi. Anza kabla jua halijakolea, na beba maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha.

Basi baadaye linauacha ufuko, linapanda Chiweta penye nyani barabarani, linafika Mzuzu, na kutoka Mzuzu ni kilomita 50 tu za kuteremka hadi Nkhata Bay. Jumla kutoka Dar ni karibu kilomita 1,250. Ukilala Mbeya, jioni ya siku ya pili unaweza kuwa majini.

Na hayo maji ndiyo hasa niliyokuja kuyasema. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 580 na kina cha kama mita 700, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kulishinda. Wengi wao hawapatikani popote pengine. Nkhata Bay haikuhitaji uwe mzamiaji. Unaazima miwani ya maji na bomba la kupumulia, unaingia hadi kifuani penye mawe makubwa, unainamisha uso. Hapohapo wako: buluu ya wino, manjano, wenye mistari kama pundamilia, kila dume akilinda jiwe lake na kumfukuza jirani. Ni wale ambao Watonga wa ziwani wanawaita mbuna, na jina hilo la Kitonga ndilo wafugaji wa samaki wa mapambo wanalolitumia hadi Ulaya na Marekani. Siku moja nilimwona jike aliyefura kidevu akiwa ametulia kando ya jabali. Nilipokaa kimya, alifungua mdomo, na kundi la vitoto vidogo kuliko punje ya mchele likatoka kutalii. Kivuli changu kiliposogea, wote walirudi ndani na mdomo ukafungwa. Nilibaki pale hadi mgongo ukaungua.

Usiku wavuvi wa usipa wanawasha taa zao mbali kidogo, na upeo wote unakuwa kama mji unaoelea. Kuna siku utaona moshi mweusi umesimama juu ya maji bila moto chini yake. Si moshi, ni vijidudu vya ziwani, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo wenyeji huviita nkhungu, huvikusanya, huvikandamiza kuwa mikate na kuvila. Nimeonja. Vina ladha ya dagaa waliosagwa na udongo kidogo.

Kasoro zake zipo. Maji yana kichocho, hasa kwenye fukwe tulivu zenye magugu na karibu na vijiji. Ogelea penye mawe na maji marefu, na ukirudi nyumbani nenda kapime baada ya miezi miwili hivi, maana ukipima mapema mno hakionekani. Dawa yake, praziquantel, inapatikana. Usafiri wa ndani nao hauna uhakika. Miaka ya karibuni Malawi imekuwa ikiishiwa mafuta kwa vipindi, na siku hizo minibasi zinakaa stendi hadi zijae kupita kiasi, au unasafiri juu ya mzigo kwenye gari la wazi wanaloliita matola. Meli ya Ilala, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1951, nayo ni ya kuulizia ukifika, si ya kupangia ratiba. Ikikubali, au ukipata boti, kisiwa cha Likoma kina kanisa kuu la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1903 na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walewale wa kanisa la Mkunazini, Unguja.

Moja kwa moja: Tunduma, Lusaka, Livingstone

Hapa uaminifu unadai niseme: njia hii ni ndefu. Kutoka Dar hadi Livingstone ni karibu kilomita 2,400, yaani karibu mara mbili ya ile ya Nkhata Bay, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni miombo isiyobadilika.

Tunduma utaijua kwa foleni ya malori kabla ya kuuona mji. Kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, na kwa abiria wa basi kilipunguza sana kuhangaika: pande zote mbili unazimaliza sehemu moja. Kinachochelewesha siku hizi ni mizigo ya abiria wafanyabiashara. Basi nililopanda mara ya pili lilisimama mpakani saa sita kwa ajili ya marobota ya vitenge, na mimi mwenye begi moja nikasubiri kama wengine.

Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe. Kuna vipande vizuri na vipande vya mashimo. Mwaka 2016 Zambia ilizuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo jiandae basi kulala njiani nawe ndani yake. Msimu wa mvua utaona watoto barabarani wameinua uyoga mmoja mpana kama mwavuli. Nje ya hapo ni magunia ya mkaa, mahindi ya kuchoma, miti, na miti tena.

Ila njia hii inabeba kitu ambacho kwa mtu wa pwani kina uzito. Eneo la Chitambo, upande wa Serenje, ndipo David Livingstone alipofia mwaka 1873. Walioutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo, walikuwa wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Walifika Februari 1874. Mimi nilikuwa nalalamika magoti yanauma kwenye siti. Dereva alipotaja Serenje nilifikiria wale watu na mzigo wao, kwa miguu, hadi baharini, na nikanyamaza.

Mkoa huohuo una hifadhi ya Kasanka, ambako kati ya Oktoba na Desemba hukusanyika popo wala matunda wanaokadiriwa kufika milioni 10. Kufika bila gari binafsi ni shughuli, sitakudanganya. Lakini aliyejikuta na likizo ya Novemba, na amekwishaamua kwenda Zambia iwe iwavyo, basi popo ndio wamtoe nyumbani, maana maporomoko hayatakuwa na la kumwonyesha.

Lusaka lala usiku mmoja. Usiunge. Kutoka stendi ya Intercity hadi Livingstone ni saa saba hivi kwa lami nzuri kiasi, na ukipanda la asubuhi unafika ukiwa bado na akili ya kutafuta kitanda.

Sasa maporomoko. Upana ni mita 1,708, karibu umbali wa kutoka Posta hadi Kariakoo, na kimo ni mita 108. Namba hizo nilizisoma kabla na hazikunisaidia kitu. Mwezi Juni unaingia kwenye kijia chenye miti inayodondosha maji ingawa mbingu ni safi, mngurumo unauhisi kwenye mbavu kabla ya masikio, halafu miti inafunguka na mto mzima, mto uliokuwa umetandaa kama ziwa, unaingia ardhini. Hauporomoki kutoka mlimani kama nilivyokuwa nimezoea kule Udzungwa. Unatumbukia kwenye ufa. Juu ya kile kidaraja chembamba cha miguu kinachoitwa Knife Edge upinde wa mvua ulianzia miguuni pangu, ukazunguka chini ya daraja, ukarudi upande wa pili: duara kamili, nami katikati. Mama mmoja wa Kizambia aliyekuwa nyuma yangu alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, na kwa mngurumo ule niliona tu midomo yake ikicheza.

Funga pasipoti na simu kwenye nailoni mbili. Koti la mvua la kukodi getini linasaidia nusu tu. Ukibahatika kufika siku za mbalamwezi maji yakiwa mengi, hifadhi hufunguliwa usiku uone upinde wa mvua wa mwezi. Watu wa Agosti mwishoni hadi Januari, maji yakipungua, wanapelekwa kuogelea kwenye kidimbwi cha Devil's Pool juu kabisa ya ukingo. Bei yake ni ya watalii wenye pesa, na sijaenda. Mtoni kwenyewe usiguse maji. Kuna mamba na viboko, na hakuna mwenyeji anayeoga pale.

Mpaka na pesa

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa matembezi ya siku chache, Malawi wala Zambia. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata ukiambiwa haiulizwi. Viingilio vya hifadhi huwa nafuu kwa raia wa nchi za SADC: Mtanzania na Mkongomani wamo, Mkenya hayumo. Uliza getini bei ya SADC na uonyeshe pasipoti.

Fedha za nchi zote mbili zinaitwa kwacha na hazina uhusiano wowote. Malawi bei ya dola benki na mtaani hutofautiana sana, na vijana wa mpakani wanajua kuhesabu noti kuliko wewe. Badilisha ya nauli na chakula tu, mingine kwa utaratibu mjini. Zambia ilitoa noti mpya Machi 2025, kwa hiyo jifunze sura yake kabla ya kupokea chochote Nakonde.

Kwa jumla, safari ya maporomoko ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya ile ya ziwa. Nauli ndiyo iliyokula nyingi, pamoja na usiku wa Lusaka na kiingilio. Ziwani hakuna geti la kulipia uone maji. Kitanda cha bweni, wali na samaki wanayemwita chambo, aina ya perege, na siku imekwisha.

Kuhusu saa: Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, na huko saa kumi na mbili asubuhi huitwa sita. Ukiambiwa basi linaondoka "sikisi", maana yake ni saa moja asubuhi ya Dar.

Kwa hiyo

Mwenye siku saba hadi tisa asijadili, aende ziwani. Siku nne za njia kwenda na kurudi, nyingine zote majini. Mwenye kutaka kutembea na kupanda milima, vilevile, kwa sababu ya Livingstonia. Anayesafiri na mzazi au mtoto, Nkhata Bay tena. Lusaka kwa basi moja kutoka Dar ni adhabu kwa mtu wa miaka sitini.

Nyoosha hadi Livingstone kama ni Juni, una wiki mbili, na wewe ni mtu wa kutamani kitu kimoja kikubwa kuliko vidogo vingi. Treni ya TAZARA hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 za reli iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ina mandhari nzuri kati ya Mlimba na Makambako kuliko barabara, lakini ratiba yake imeyumba sana. Hakikisha kituoni kwanza kama inatembea ndipo uombe likizo.

Mkenya unayetoka Nairobi, usipite Dar. Arusha, Babati, Dodoma, Iringa ni lami tupu, na unaunga barabara kuu ukiwa umeokoa siku nzima, ingawa Mikumi na Kitonga utazikosa.

Na mwenye wiki tatu hana haja ya kuchagua. Akate kushoto Uyole, ateremke na ziwa, apite Nkhotakota, mji ambao wafanyabiashara wa Kiswahili waliuanzisha karne ya 19 chini ya kiongozi wao aliyeitwa Jumbe, aingie Lilongwe, avuke Mchinji hadi Chipata, kisha Lusaka na Livingstone. Arudi kwa Tunduma. Aondoke Dar katikati ya Mei, Mwera ikiwa bado haijakaza, ili afike Livingstone mwanzoni mwa Juni ukungu ukiwa umeshuka. Kurudi, siti ya kushoto, maana uwanda wa Mkata utakuwa upande huo.